Somo la Wiki: Kupashana Habari za Njia

Wiki hii darasa letu limo ndani ya gari.

Mama au baba anapoendesha, simu huonyesha ramani. Barabara nyingine ni za kijani, maana yake magari yanakwenda vizuri. Nyingine ni nyekundu: kuna foleni. Je, nani ameiambia simu?

Ni wasafiri wenyewe. Simu zenye programu ya ramani, zikiwa ndani ya magari, hutuma habari mbili: zipo wapi na zinakwenda kwa kasi gani. Simu nyingi zikijikokota mahali pamoja, kompyuta hujua kwamba hapo pana foleni, na wanaokuja nyuma hutafutiwa njia nyingine. Katika programu ya Waze, iliyoanzia Israeli na kununuliwa na Google mwaka 2013, abiria anaweza pia kubonyeza na kutoa taarifa ya ajali.

Sarufi: kiambishi -an-

Watu wakitendeana jambo, kitenzi huongezwa -an-:

pasha – pashana
onya – onyana
saidia – saidiana
amini – aminiana
danganya – danganyana

Mbona tumeweka danganyana? Sikilizeni kisa hiki. Mwaka 2020, msanii Simon Weckert alijaza simu 99 katika kigari cha mkono, akakivuta taratibu katika mitaa ya Berlin, Ujerumani. Njia ilikuwa nyeupe, lakini kwenye ramani ya Google ikageuka nyekundu! Ramani haina macho. Huamini inachoambiwa.

Ukiulizwa "Habari za safari?", adabu yetu ni kujibu "Nzuri", hata kama mlikwama njiani saa mbili nzima. Ramani haina adabu hiyo, inataka ukweli tu. Ukibonyeza "ajali" kwa mchezo, mtu usiyemjua huenda akazungushwa bure, na pengine anamwahisha mgonjwa hospitalini.

Msamiati

foleni: magari mengi yaliyokwama
njia ya mkato: njia fupi
pinda kulia, pinda kushoto: badili mwelekeo
kipilefti: mzunguko wa barabarani. Watanzania walilitoa neno hili kwenye maneno ya Kiingereza yanayomwamuru dereva akae kushoto.

Kazi ya nyumbani

Wazazi, mkija shuleni Jumamosi ijayo, wekeni ramani bila sauti. Dereva asiguse simu, mtoto ndiye atakayeisoma kwa Kiswahili: "Mama, mbele kuna foleni. Kwenye kipilefti, pinda kushoto." Mkipotea, msigombane, saidianeni!

Kisha mtoto aandike sentensi tatu zenye vitenzi vya -ana, na ajibu swali hili: kwa nini dereva anamwamini mtu asiyemwona?