Kabla ya Kununua RAM, Ijue Mashine Yako



Ndugu zangu wanafunzi, kompyuta yangu mpakato ilikuwa na RAM ya GB 4. Kila nikifungua Maktaba Shamila, kitabu cha PDF na tasnifu yangu kwa pamoja, inaganda. Nikachukua pesa niliyoikusanya kwa kufundisha watoto madrasa hapa Buyenzi, nikaenda mjini kununua kipande kingine cha GB 4. Kiliingia kwenye sloti bila taabu. Nikawasha: kioo cheusi. Muuzaji hakunidanganya. Nilimwomba DDR3, akanipa DDR3. Mashine yangu ilitaka DDR3L, na mimi sikujua tofauti.

Ili yasikupate hayo, jua mambo manne kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, je, RAM inabadilishwa? Baadhi ya mashine nyembamba zina RAM iliyochomelewa moja kwa moja kwenye madabodi, bila sloti. Hapo hakuna cha kuongeza.

Pili, aina. RAM ya kompyuta mpakato huitwa SO-DIMM, nayo ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani. DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na pengo la katikati limewekwa mahali tofauti. Ikikataa kuingia, usilazimishe.

Tatu, volti. Hapa ndipo nilipokosea. DDR3 hutumia volti 1.5, DDR3L hutumia 1.35, lakini umbo ni moja. Mashine inayotaka 1.35 tu haitawaka na DDR3 ya kawaida. Soma karatasi iliyobandikwa juu ya kipande: PC3 ni DDR3, PC3L ni DDR3L, PC4 ni DDR4.

Nne, kiwango na kasi. Kila mashine ina kikomo chake cha RAM. Tafuta kitabu cha maelezo kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine. Windows ya biti 32 haivuki GB 4 hata ukiweka 16. Vipande viwili vyenye kasi tofauti kwa kawaida hufanya kazi, ila vyote hufuata kile cha polepole.

Njia nyepesi ni hii: zima mashine, chomoa umeme, toa betri kama inatoka, fungua kifuniko, piga picha karatasi ya RAM iliyomo. Nenda dukani na picha hiyo, na ikiwezekana na mashine yenyewe.

Sasa upande wa fiqhi. Bidhaa ikiwa na kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo na hukuijua, una khiyari ya aibu: unaweza kuirudisha. Lakini kipande changu kilikuwa kizima. Hakikuifaa mashine yangu tu. Hiyo si aibu ya bidhaa, na muuzaji hakulazimika kunirudishia pesa. Katika madhhebu ya Shafi kuna milango miwili ningeweza kuitumia. Khiyari ya majlisi: mnunuzi na muuzaji wana haki ya kuvunja mauzo kabla hawajaachana. Basi jaribu RAM pale pale dukani, uone mashine imewaka na imesoma kiwango kamili. Ya pili ni khiyari ya sharti: mkubaliane mapema kwamba unaweza kuirudisha ndani ya muda usiozidi siku tatu. Maneno hayo yasemwe wakati wa kununua, si baada ya kioo kuwa cheusi.

Kile kipande nilimuuzia mwenzangu mwenye mashine ya zamani inayotumia DDR3 ya volti 1.5. Nilimweleza kwa nini nakiuza, tukakijaribu pamoja kabla hajalipa. Kiliwaka.

Mwenyezi Mungu atubarikie elimu zetu na mali zetu kidogo. Wabillahi tawfiq.