Mji wa Mbali: Timbuktu na Nyangwe

Mwaka huu wa masomo mwenzetu mmoja wa Kabambare alifika siku kumi na mbili nyuma ya wengine. Alikuja na kinga, lakini njia ilikuwa matope matupu, akaisukuma zaidi kuliko kuipanda, na mguuni alikuwa na kidonda cha mnyororo. Tulimcheka, lazima tuseme kweli. Mmoja wetu akamwuliza kama ametoka Timbuktu. Kumbe mwalimu wa historia alikuwa mlangoni. Hakugomba. Alifuta ubao, akaandika majina mawili: Timbuktu na Nyangwe. Lekso ile ndiyo tunawaletea hapa, pamoja na yale tuliyosoma wenyewe baadaye.

Timbuktu ni mji wa nchi ya Mali, ukingoni mwa jangwa la Sahara, si mbali na mto Niger. Wazungu walisikia sifa zake kwa muda mrefu sana, zaidi tangu Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipokwenda kuhiji Maka mwaka 1324 na dhahabu nyingi. Wakadhani ni mji wa dhahabu. Mwaka 1824 chama cha jeografia cha Paris kilitangaza zawadi kwa mtu wa kwanza atakayefika huko na kurudi na habari. Gordon Laing, mtu wa Scotland, alifika mwaka 1826, lakini aliuawa mara alipotoka mjini. Aliyefika na kurudi ni Mfaransa René Caillié, mtoto wa mwoka mikate.

Caillié hakuwa na askari wala mizigo mikubwa. Aliondoka pwani ya Guinea mwezi wa Aprili 1827, amevaa kama Mwislamu, akisema yeye ni mtu wa Misri aliyechukuliwa na Wafaransa akiwa mtoto, sasa anarudi kwao. Mwezi wa Agosti alifika kijiji cha Tiémé, mguu ukiwa na kidonda. Kidonda kilipotaka kupona, kiseyeye kikamshika kinywani. Alikaa pale miezi mitano! Mama mzee wa nyumba alimpikia na kumpa dawa mpaka akapata nguvu. Alifika Timbuktu tarehe 20 Aprili 1828, akitokea mtoni, akaona nyumba za udongo na mchanga pande zote. Alikaa siku kumi na nne tu, akatoka na msafara wa ngamia kuvuka jangwa mpaka Tangier.

Basi mwaka mzima wa safari, na karibu nusu yake mtu amelala kijijini. Hapo mwenzetu wa Kabambare aliutazama mguu wake, na sisi tukanyamaza.

Halafu mwalimu akapiga mstari chini ya jina la pili. Nyangwe ni kwetu, kwenye ukingo wa Lualaba, teritware ya Kasongo. Sisi tunaiona kama kijiji cha jirani. Lakini katika miaka ya 1860 na 1870 ilikuwa mji wa mbali kabisa kwa watu wa nje. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa walitoka pwani ya Mashariki, wakavuka ziwa Tanganyika toka Ujiji, wakapita Kabambare. Kwa njia ile ile Kiswahili chetu kilifika.

David Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliandika Bambarre, mwezi wa Septemba 1869. Alitaka kuona Lualaba, kwa sababu alidhani ndiyo mwanzo wa mto Nile. (Alikosea. Ni maji ya mto Kongo.) Mwezi wa Juni 1870 alijaribu tena kwenda mbele. Watu wake wengi walimwacha, wakabaki watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Miguu ikamwoza vidonda. Tarehe 22 Julai alirudi Kabambare akichechemea, na hakutoka nyumbani mpaka tarehe 10 Oktoba, siku 80. Dawa iliyomsaidia ilikuwa jiwe la kijani, malakiti, lililosagwa na maji na kupakwa kwa unyoya. Aliandika kwamba katika Manyema alisoma Biblia nzima mara nne. Karatasi zilipokwisha aliandika juu ya gazeti la zamani, na wino wa kienyeji. Maandishi yale yalififia sana, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipoyatoa yasomeke tena kwa kuyapiga picha na taa za rangi mbalimbali. Sisi tunaolalamikia stensili zetu tunyamaze.

Alifika Nyangwe mwisho wa Machi 1871. Mto uko mbele yake, mpana. Kuvuka tu. Lakini hakupata mtumbwi. Aliomba, alitaka kununua, alingoja zaidi ya miezi mitatu. Watu wa mto walikataa.

Hapo darasa letu liligawanyika. Wengine walisema wale watu walikosa, juu ya Livingstone alikuwa mtu wa Mungu, aliyechukia biashara ya watumwa. Wengine wakajibu: wao wangejua namna gani? Alikuja kwa njia ya wale wafanyabiashara, alikula chakula chao, na Mohamad Bogharib, mmoja wao, ndiye aliyemtunza Kabambare. Mtu akisimama katikati ya bunduki na kusema mimi si kama hawa, utampa mtumbwi wako?

Jibu lilikuja tarehe 15 Julai 1871. Ilikuwa siku ya soko. Livingstone alikuwa akilipenda soko la Nyangwe. Aliandika kwamba siku nyingine watu walipita 3000, wengi wanawake, na samaki, chumvi, mafuta ya mawese, kuku na vyungu. Siku ile walikuwa kama 1500. Watu wa mfanyabiashara mmoja walianza kupiga bunduki sokoni. Wanawake walikimbilia mitumbwi, ikabanana katika mfereji mdogo, wengi wakajitupa mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Livingstone aliona kwa macho. Siku chache baadaye aligeuka, akafika Ujiji mwezi wa Oktoba, mgonjwa, na hapo Stanley akamkuta.

Kwa maoni yetu, wenye mitumbwi hawakukosa. Mto ulikuwa ukuta wao. Cameron naye alikosa mitumbwi ya kutosha kule Nyangwe mwaka 1874, akapita njia nyingine mpaka pwani ya Angola. Stanley alipofika mwaka 1876 hakungoja ruhusa: alibeba mashua yake vipandevipande, na Tippu Tip akamsindikiza na watu wenye bunduki kwa malipo. Mwaka 1877 alitokea Boma. Mji wa mbali haukuwa mbali tena, na mwaka 1893 majeshi ya Dhanis yaliteka Nyangwe, halafu Kasongo.

Siku hizi reli ya Kindu kwenda Kongolo inapita ng'ambo ya magharibi. Mwanafunzi akija kwa treni lazima bado avuke Lualaba kwa mtumbwi ili afike Kasongo, na bei anaisema mwenye mtumbwi.

Mguu wa mwenzetu umepona. Kwa toleo lijalo tunaomba wanafunzi wa upande wa Nyangwe wawaulize wazee mambo mawili: soko la kale lilikuwa pahali gani, na mfereji ule wa mitumbwi unaitwaje leo? Andikeni nusu ukurasa, maandishi safi, mlete kabla ya stensili kupigwa.