Rafiki Akipata Safari

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000. Kijana hakosi wa kucheza naye hapo. Anayemkosa ni wa kudumu naye, maana leo familia hii imeitwa Canada, kesho ile Australia.

Kwanza, anayebaki asiipate habari ya safari kwa kukuta mlango umefungwa. Wapo wazazi wanaoficha tarehe ya ndege mpaka siku ya kwenda Lilongwe, wakiogopa kijicho. Woga huo una sababu zake, lakini mwachie mwanao jioni moja tu amuage rafiki yake. Tarehe si lazima aitaje.

Aliyebaki naye atazamwe. Urafiki wa mabinti mara nyingi hukua kwa maneno, kwa siri wanazopeana wakingoja zamu ya ndoo bombani. Mwenzake akiondoka, binti huwaza pia siri zake zimekwenda kukaa kwa nani. Usimwambie atapata mwingine. Muulize walikuwa wakicheka nini, kisha unyamaze. Mvulana atakujibu "hakuna shida", halafu wiki nzima haendi mpirani. Huyo usimkalishe na kumhoji. Ukiwa na safari ya soko la Mponela, nenda naye, mbebe gunia pamoja. Atasema mkiwa njiani. Ila wapo mabinti wa mpira na wavulana wa siri, basi mfuate uliye naye.

Tatizo kubwa ni pale aliyeondoka ni mvulana na aliyebaki ni msichana. Wazazi hushusha pumzi, na binti anaiona ile pumzi. Mpe pole ileile ambayo ungempa kama angeondokewa na msichana mwenzake.

Kuhusu simu, wapange siku na saa, bando lisiishie kwenye kusubiri. Saa tatu usiku Dzaleka, Toronto ni alasiri. Mweleze mapema kwamba aliyefika ugenini hukawia kujibu, asije akadhani ametupwa.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kijana aliyekwisha kuagwa, nyumbani kwao masufuria yameshagawiwa, kisha safari ikafutwa, huona haya kurudi darasani. Mtume mwanao akamgongee asubuhi waende shule pamoja, na njiani asimuulize habari za kesi yao ya kuhamia Marekani.