Kichwa Kusini au Kaskazini? Mwelekeo wa Kitanda na Usingizi Wako

JE, msomaji, unapojinyosha kitandani usiku, kichwa chako huelekea upande gani? Wengi watajibu kuwa hawajawahi kulifikiria jambo hilo. Kitanda kiliwekwa pale kilipoenea, basi. Lakini katika nyumba nyingi za Wahindu mjini Kisumu, swali hili huulizwa kabla hata godoro halijanunuliwa. Wapo pia majirani zao waliolisikia, wakageuza vitanda vyao wakitumaini kwamba usingizi uliowapotea utarudi.

Leo tutaangalia mila inasema nini na sayansi inasema nini. Kisha tutaona ni mambo gani ya kitanda na chumba ambayo kweli humsaidia mkazi wa kando ya Ziwa Victoria kulala usingizi wa pono.

MILA YA VASTU

Vastu ni elimu ya kale ya Bara Hindi inayoeleza jinsi nyumba inavyofaa kujengwa na kupangwa ili wakaaji wake wapate heri. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, wakati mji wetu ukiitwa Port Florence, Wahindi walianza kufanya makao hapa, na mila zao zikaja nao.

Katika Vastu kila upande una mwenyewe. Mashariki ni kwa Indra, magharibi kwa Varuna, kaskazini kwa Kubera mwenye mali, na kusini kwa Yama, mungu wa mauti. Mafundisho yake kuhusu kulala ni mafupi: kichwa kielekee kusini au mashariki, na kaskazini kuepukwe. Wengine husimulia habari za Ganesh, ambaye kichwa chake cha ndovu kilitwaliwa kwa mnyama aliyekuwa amelala akielekeza kichwa kaskazini.

Wahindu hawako peke yao katika jambo hili. Wajapani wengi pia huepuka kulaza kichwa kaskazini, kwa kuwa hivyo ndivyo maiti hulazwa kwao. Waislamu hufundishwa kulalia ubavu wa kulia, na wengine hupenda pia kuelekea Kibla. Kwa kuwa Maka iko kaskazini mwa Kisumu, ikipinda kidogo mashariki, Mwislamu wa hapa anayelala hivyo kichwa chake huwa upande wa mashariki. Nao Waluo wana utaratibu wao wa boma, ambapo nyumba ya mke wa kwanza hutazamana na lango.

Basi mwanadamu tangu zamani amependa kujua amelala akielekea wapi. Jambo hilo humpa utulivu wa moyo, na daktari hapaswi kuudharau utulivu huo. Mtu anayeamini kuwa amelala mahali pema hulala bila wasiwasi, na wasiwasi ni adui mkubwa wa usingizi.

JE, NI SUMAKU?

Siku hizi mila hii hutetewa kwa maneno ya kisayansi. Husemwa kuwa dunia ni sumaku, kwamba damu ina madini ya chuma, na kwamba ukilaza kichwa kaskazini damu huvutwa kwenye ubongo.

Ni kweli dunia ni sumaku. Lakini jambo hilo lilielezwa na Mwingereza William Gilbert mwaka 1600, wakati Vastu ilikuwa na karne nyingi tayari. Maelezo ya sumaku, basi, yameongezwa baadaye.

Ni kweli pia kwamba damu ina chuma. Mwili mzima wa mtu mzima una gramu 4 hivi za madini hayo, na sehemu kubwa imefungwa ndani ya himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Chuma hicho hakivutwi na sumaku kama msumari unavyovutwa.

Pima mwenyewe kwa mfano huu. Nguvu ya sumaku ya dunia hapa kwetu ni karibu maikrotesla 34. Mashine ya MRI inayotumiwa hospitalini kupiga picha za ubongo huwa na tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 40,000 ya nguvu hiyo. Wagonjwa hulala ndani yake nusu saa au zaidi, na damu yao haikimbilii kichwani. Ikiwa sumaku kubwa kiasi hicho haiisogezi damu, ile ndogo ya dunia itaisogezaje?

Wako watafiti waliojaribu kulinganisha usingizi wa watu waliolala pande mbalimbali, lakini tafiti hizo ni chache na ndogo. Hakuna ushahidi wa kutosha wa kumfanya daktari amwandikie mgonjwa upande wa kulala kama anavyomwandikia dawa.

KITANDA KINA MAHALI PAKE

Hata hivyo, mahali kitanda kilipo pana maana, na sababu zake ni joto, hewa, mwanga na mbu.

Mwili hupoa kidogo unapoingia usingizini. Chumba chenye joto huuzuia usipoe, na mtu hubaki akijigeuzageuza. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua la alasiri hupiga kuta za magharibi mwaka mzima. Ukuta wa mawe au matofali hulihifadhi joto hilo na kulitoa polepole usiku. Ikiwa kichwa chako kimeegemea ukuta wa magharibi, unalala kando ya jiko lililozimwa sasa hivi. Sogeza kitanda mbali nao. Ukikipeleka upande wa mashariki, utakuwa umeifuata Vastu pia, ingawa kwa sababu nyingine.

Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja mjini. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu upande wa milima ya Nandi kuelekea ziwani. Dirisha la mashariki, basi, ndilo linaloweza kukuletea hewa baridi usiku, mradi liwe na wavu wa kuzuia mbu. Kwenye nyumba ya mabati, dari hata ya maboksi au mikeka hupunguza joto linaloshuka.

Mwanga nao huutawala usingizi. Giza huufanya ubongo utoe homoni iitwayo melatonini, inayoutayarisha mwili kulala. Kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, mwaka wote. Anayeamka mapema hunufaika na mwanga huo. Lakini mvuvi wa omena wa Dunga au Usenge, aliyekesha na taa majini, au mlinzi aliyetoka zamu, huuhitaji usingizi wakati huo huo. Kwake pazia zito jeusi lina faida kuliko dira.

USIISAHAU NETI

Hapa ndipo naomba msomaji anisikilize zaidi. Aghalabu mtu hugeuza kitanda, lakini msumari au kamba ya neti hubaki pale ilipokuwa. Neti haifiki tena pembe zote, au huning'inia upande mmoja. Baada ya siku chache hukunjwa na kuwekwa kando.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika ukanda wa ziwa walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali kwa Kenya nzima ilikuwa asilimia 6. Utafiti mkubwa uliofanywa Asembo na Gem mwishoni mwa miaka ya 1990 ulithibitisha kuwa neti zenye dawa huokoa maisha ya watoto wachanga. Mtoto hapati malaria kwa kulaza kichwa kaskazini. Huipata kwa kulala nje ya neti usiku mmoja tu.

Kwa hiyo, ukigeuza kitanda leo, hamisha na neti leo. Hakikisha inachomekwa chini ya godoro pande zote nne, na kwamba mkono au mguu haugusi wavu.

JINSI YA KULALA

Namna unavyoulaza mwili ina uzito kuliko upande kichwa kinakoelekea:

• Anayesumbuliwa na kiungulia alalie ubavu wa kushoto, na miguu ya kitanda upande wa kichwani iinuliwe kwa matofali.

• Mama mjamzito aliyepita miezi sita aanze usingizi akiwa amelala kwa ubavu, si chali.

• Anayekoroma sana ajaribu kulala kwa ubavu, kwani kulala chali huzidi kuziba njia ya hewa.

• Mtoto mchanga alazwe chali, mahali pasipo mito wala nguo za kumfunika uso.

Wengi wetu Manyatta, Obunga na Nyalenda tuna chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, na kitanda kina mahali pamoja tu pa kukaa. Usivunjike moyo. Lala na kuamka saa zile zile kila siku. Usinywe chai kali wala kahawa jioni. Pombe huleta usingizi wa haraka, kisha huukatiza usiku wa manane. Iweke simu mbali na mto. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba.

USITAFUTE DIRA, TAFUTA DAKTARI

Kuna watu wanaogeuza kitanda mara tatu, nne, miezi ikipita, kumbe ugonjwa unaendelea ndani. Usikubali hilo likupate. Nenda ukapimwe ikiwa:

• Unakosa pumzi ukilala, hata unahitaji mito miwili au mitatu. Huenda ni moyo.

• Unakoroma kwa nguvu, pumzi hukatika usingizini, na mchana unasinzia kazini au ukiendesha gari au pikipiki.

• Unaamka mara nyingi kukojoa na una kiu isiyoisha. Huenda ni kisukari.

• Unaamka alfajiri na mapema ukiwa na huzuni, bila hamu ya chakula wala kazi, kwa zaidi ya wiki mbili.

• Unatokwa na jasho jingi usiku, unakohoa na kukonda. Pima kifua kikuu.

• Usingizi ulipotea ulipoanza dawa mpya. Dolutegraviri, inayotumiwa na wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ni mojawapo inayoweza kufanya hivyo. Usiiache. Muulize daktari kama unaweza kuimeza asubuhi.

Kama mila ya nyumba yako inasema kichwa kielekee kusini, kielekeze kusini kwa moyo mkunjufu. Hakuna dhara. Lakini ikiwa wiki tatu zimepita na bado unahesabu mabati usiku kucha, kiache kitanda kilipo na uje kliniki.