Kumpenda Ndugu Asiyesali Kama Wewe

Tunayezungumza naye ni mchungaji mstaafu wa Kianglikana, na kwa miaka mingi amefundisha historia ya Kanisa. Hata sasa watu wa madhehebu mbalimbali humpelekea ugomvi wao barazani kwake.

Mchungaji, mbona Mkristo humvumilia jirani wa dini nyingine kwa urahisi kuliko Mkristo mwenzake?

Kwa sababu ndugu ndiye anayejua pa kukugusa, binti yangu. Jirani yangu Mwislamu akifunga Ramadhani, sioni kwamba amenihukumu. Lakini Msabato akiniambia Jumapili yangu si siku ya ibada, ananiambia kwa Biblia ileile ninayoisoma. Mlokole akisema aliyebatizwa utotoni hajabatizwa, namkumbuka marehemu mama yangu, ambaye hakujua ubatizo mwingine. Inauma. Nasi tunalipiza: tunawaita walokole watu wa makelele, tunaiga kunena kwao kwa lugha, watoto wetu wanacheka. Hapo tumeshafundisha dharau mezani, kabla hata ya shule ya Jumapili.

Ugomvi huu umeletwa na makanisa mapya?

Hapana. Mwaka 1913 wamisionari walikutana Kikuyu, Kenya, kwenye misheni ya Waskoti: Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, Africa Inland Mission. Walitaka kushirikiana, ili Mwafrika asirithi migawanyiko ya Ulaya. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana, na wasio Waanglikana wakashiriki.

Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliposikia aliwaka. Aliwatuhumu Peel na Willis wa Uganda kwa uzushi, akataka washtakiwe. Wote watatu walikuwa maaskofu wa Kianglikana! Shauri likafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Kesi haikufanyika, lakini uchungu ulibaki.

Basi Weston ndiye aliyekosa upendo?

Nilipokuwa kijana nilisema hivyo, na nilifundisha hivyo. Nimebadilika. Mwaka 1918 Weston alisafiri tena hadi Kikuyu, akakaa na walewale, akawaletea mpango wake wa umoja. Hawakukubaliana. Lakini alikwenda. Kisha mwaka 1920 akaandika kijitabu kikali kupinga Waafrika kulazimishwa kufanya kazi chini ya serikali ya Kiingereza, wakati viongozi wenzake wa misheni Kenya walikuwa wamekubali kazi hiyo iwepo, mradi isimamiwe vizuri. Kuhusu Meza ya Bwana, mimi ningeketi na watu wa mkutano wa Kikuyu. Kuhusu yule mtu aliyeswagwa kwenda kulima shamba la mzungu, Weston aliona mbele kuliko wao. Ningemfuta kwa sababu ya 1913, nani angenifundisha hilo la 1920?

Je, kuna tunda la makubaliano ambalo msomaji anaweza kulishika mkononi?

Analo kabatini. Zamani palikuwa na Biblia mbili za Kiswahili: ya Unguja, iliyokamilika 1891, na ya Mombasa, ya 1914. Kila upande uliipenda yake, na si kwa lugha tu, bali pia kwa misheni iliyoileta. Ile Biblia ya Muungano ya 1952, ambayo bado inasomwa katika mahubiri mengi, ilitokana na watu waliokubali kuacha maneno waliyoyazoea. Kuacha neno ulilolitumia kusali tangu utoto si jambo dogo.

Nyumbani je? Ndugu wanagombana kabla ya harusi.

Jambo dogo huwa ndilo kubwa. Familia moja iliitisha vikao vyote vya harusi Jumamosi mchana, na dada yao ni Msabato. Wakamlaumu kwamba hashirikiani. Niliwaambia wahamishie Jumapili jioni. Walishangaa kwamba hakuna aliyefikiria hilo. Paulo aliwaandikia Warumi kuhusu wanaokula kila kitu na wanaokula mboga tu. Hakuwapa orodha moja ya chakula, aliwakataza wasidharauliane.

Hakuna mpaka?

Upo. Mhubiri akimwambia mgonjwa aache ARV kwa kuwa amepakwa mafuta, sitanyamaza kwa jina la umoja. Hapo mtu anakufa. Nitamwendea mhubiri, nitamrudisha mgonjwa kliniki, nitamwambia kila atakayesikia. Lakini kupiga makofi ibadani, au kutopiga, hakujaua mtu.

Wewe mwenyewe umewahi kushindwa?

Nimeshindwa. Shangazi yangu, aliyenilea, alihamia kwa walokole akabatizwa upya mtoni. Nilikuwa shemasi kijana. Niliona amenivua nguo mbele ya watu. Alipougua nilikwenda mara moja tu, nikakaa nikiangalia saa. Wenzake wa kanisani ndio waliomwogesha, wakamlisha, wakakesha naye. Mazishini niliketi mwisho kabisa, chini ya mwembe, kwa sababu sikutaka kuonekana nimeikubali ibada yao.

Baadaye binti yake aliniletea kitabu chake cha Tenzi za Rohoni. Alikuwa ameweka alama ya penseli kwenye nyimbo alizozipenda. Nilizipitia usiku ule moja baada ya nyingine. Karibu zote ni zile alizonifundisha jikoni kwake, kabla hajahama.