Biashara ya Familia: Mfunze Mrithi Ungali Kazini

Ukipita Kware, katika Embakasi Kusini, huenda ukakuta geti jipya limeegemezwa kando ya njia likingoja rangi. Kibandani yuko mzee na kijana wake. Kijana anachomelea vizuri, pengine kumshinda babake. Lakini mteja akiuliza bei, anaambiwa asubiri mzee arudi.

Hapo ndipo penye pengo. Watoto tunawafunza kazi ya mikono, hesabu tunabaki nayo wenyewe. Chukua fremu ya mita 2 kwa 2. Inahitaji mita 8 za paipu ya mraba, lakini dukani paipu huuzwa nzima, mita 6 kila moja. Itabidi ununue mbili. Kijana aliyemtoza mteja mita 8 tu amekula hasara, isipokuwa ajue kile kipande cha mita 4 kitaingia kazi gani. Basi mwache akadirie kazi moja kila wiki, nawe umsahihishe. Atakosea, na akikosea ukiwepo ni nafuu. Mpeleke pia kwa anayekuuzia vyuma kwa mkopo, ajulikane kwa sura. (Mrithi anaweza kuwa binti, chuma hakiulizi.)

Ikiwa hana cheti, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutahini mafundi wa Gredi ya III, II na I, hata waliojifunzia kazini.

Halafu kuna karatasi. Leseni, jina la biashara na nambari ya kupokea malipo kwa simu mara nyingi huwa za mtu mmoja. Akifariki, pesa na mashine huwa mali ya marehemu. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, anayeziuza au kuzitumia bila idhini ya kisheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wengi hufanya hivyo bila kujua, wakitafuta tu pesa za mazishi.

Wasia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili. Unayemwachia kibanda asiwe mmoja wao, maana alichoachiwa hubatilika isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili wasionufaika. Wasia wa mdomo, mbele ya mashahidi wawili, kwa kawaida hukubalika tu ikiwa aliyeutoa atafariki ndani ya miezi 3. Ukishaandika wako, mwonyeshe mtu unayemwamini mahali ulipouweka.