Treni Itapita Kila Baada ya Muda Gani? Somo la Ratiba kwa Watu wa Shinyanga na Geita

Ukitaja SGR pale kantini, mjadala huwa mmoja tu: mwendo. Kilometa 160 kwa saa, mtu anatoka Dar anafika Dodoma anamaliza shughuli na kurudi siku hiyo hiyo. Sikatai, mwendo ni mtamu. Ila kwa sisi wa kanda hii tunaosubiri kipande cha Mwanza–Isaka kimalizike, nadhani tunauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hili: treni zitapita kila baada ya muda gani, na nikishuka nitaunganisha na nini? Hesabu zake ni za kidato cha pili, kwa hiyo usikimbie.

Tuanze na kusubiri. Treni ikipita kila saa moja, na wewe ukafika stesheni bila kuangalia ratiba, kwa wastani utasubiri nusu saa, yaani nusu ya nafasi kati ya treni na treni. Sasa chukua treni inayopita mara 3 kwa wiki. Wiki ina saa 168, gawanya kwa 3 unapata 56, na nusu yake ni saa 28. Bila shaka hakuna anayekaa stesheni saa 28. Anachofanya mtu ni kupanga maisha yake yaifuate treni, au kuachana nayo kabisa. Hiyo gharama haiandikwi kwenye tiketi, lakini ipo.

Niliiona vizuri nilipokuwa BTP kwenye sekondari moja upande wa Malampaka. Reli inapita pale pale. Tangu 1928, njia ilipofika Mwanza, treni zinapita. Behewa za mizigo tulikuwa tunazisikia usiku. Lakini vipindi vyangu vilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, na treni ya abiria ya siku chache kwa wiki haiwezi kumpeleka mwalimu kazini. Nikapanga chumba. Nusu ya boom ikaishia kwenye kodi na bodaboda, na mwenzangu wa kike aliyekuwa amepangiwa shule ya mbali zaidi aliomba abadilishiwe kituo kwa sababu mara mbili alishushwa njia panda giza limeshaingia. Wanafunzi wa kule wakabaki bila mwalimu wa Hisabati kwa muhula ule. Ndiyo maana naona ratiba ni suala la elimu pia, siyo la wahandisi peke yao.

Kuna jambo watu hulisahau: idadi ya treni peke yake haitoshi, lazima ziachane sawasawa. Tuseme kuna treni 2 kila saa. Zikiachana dakika 30 kwa 30, wastani wa kusubiri ni dakika 15. Lakini zikifuatana kwa dakika 10 halafu pakabaki pengo la dakika 50, wastani unapanda hadi karibu dakika 22. Treni ni zile zile 2, dereva wale wale, umeme ule ule. Sababu ni kwamba abiria wengi zaidi huangukia kwenye pengo refu. (Mwenye daladala analijua hili bila kalamu. Ndiyo maana anakimbizana na aliye mbele yake.)

Mbona wasiweke treni nyingi tu? Hapa chora grafu ya umbali na muda, ile tunayoifundisha darasani. Mhimili mmoja weka Isaka, Shinyanga, Malampaka, Malya, Bukwimba, Fela mpaka Mwanza. Mwingine weka saa. Kila treni ni mstari. Inayopanda na inayoshuka zitakatana mahali, na kwa kuwa njia kuu ni moja, pale zinapokatana lazima pawe na njia ya kupishana. Waongozaji wa treni duniani kote hutumia mchoro huu huu. Sasa angalia: treni zikiwa kila saa kwa kila upande, treni yako itakutana na nyingine kila baada ya nusu saa. Kwa hiyo sehemu za kupishana zinapaswa kuachana kwa mwendo wa nusu saa hivi, la sivyo mmoja anamsubiri mwenzake porini. Mkataba wa Mwanza–Isaka unazungumzia kilometa 341: 249 za njia kuu na 92 za kupishana na za ndani ya stesheni. Watu huzichukulia zile 92 kama nyongeza. Kwangu mimi ndizo zitakazoamua tutapata treni ngapi kwa siku.

Halafu kuna seti za treni zenyewe. Tuseme, kwa mfano tu, treni ya kusimama kila stesheni ichukue saa 2 Shinyanga hadi Mwanza, na nusu saa ya kugeuza kila mwisho. Mzunguko mzima ni saa 5. Ukitaka treni kila saa unahitaji seti 5, na moja ya akiba. Kila saa 2, zinatosha 3. Basi mimi ningeanza na kila saa 2, kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 3 usiku, bila kuruka mchana. Nasema mchana kwa makusudi. Treni ya mjini ya Dar, ile watu waliyoiita ya Mwakyembe, ilipoanza Oktoba 2012 ilijengwa juu ya asubuhi na jioni. Iliwasaidia sana wafanyakazi. Lakini mama anayetoka kliniki saa 7 mchana, au mwanachuo mwenye kipindi kimoja, alirudi kwenye daladala. Tena Dar ilikuwa na huduma mbili, ya TRL kwenda Ubungo na ya TAZARA kwenda Mwakanga, ambazo hata reli hazilingani upana. Treni ya huku isingeweza kupita kule.

Sasa kuunganisha, ambako Geita ndiko inakoingia. Geita haina reli. Ina dhahabu, ina mgodi mkubwa uliofunguliwa 2000, ina watu wanaotoka Shinyanga na Kahama kila wiki kutafuta riziki, lakini reli hakuna. Mtu wa Kahama atashukia Isaka. Wa Geita itabidi afike Mwanza kisha ashike barabara. Zamani mpango wowote wa basi la kuungana na treni ungefia kwenye foleni ya pantoni pale Busisi. Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, kilometa 3 za ziwa zinavukwa kwa dakika chache, na muda wa safari unaweza kutabirika. Bila muda wa kutabirika huwezi kuahidi muunganiko wowote.

Uswisi ndio walimu wa jambo hili. Mwaka 1982 waliweka treni za kila saa nchi nzima, zenye dakika zile zile kila saa. Mwaka 1987 wananchi wakapiga kura kukubali mpango mkubwa zaidi, ambamo treni na mabasi hukutana stesheni kubwa kwa wakati mmoja, watu wanabadilishana, kisha zote zinaondoka. Kufikia Desemba 2004 walikuwa wamejenga njia mpya kati ya Zürich na Bern ili safari iwe chini ya saa moja. Hawakuwa wakitafuta rekodi. Walitaka treni iwahi mkutano wa saa kamili, basi. Ratiba iliandikwa kwanza, reli ikajengwa kuifuata.

Kwetu mambo huenda kinyume: reli, halafu stesheni, ratiba mwishoni, na stendi ya mabasi kila mtu anajua mwenyewe. Michomoko na Hiace zitakuja tu, watasema. Kweli zitakuja, lakini mchomoko unaondoka ukijaa. Treni ya saa 3 usiku ikishusha abiria 6 wa Geita, watalala Mwanza au watalipa kama wamejaa 10. Dawa yake haihitaji trilioni. TRC na LATRA wakae meza moja, basi la Geita lipewe leseni yenye sharti la kuondoka dakika 15 baada ya treni kufika, lijae lisijae, na tiketi ikatwe moja kuanzia Shinyanga. Treni ikichelewa kidogo basi lisubiri, na muda wa juu wa kusubiri ubandikwe ukutani ili waliomo ndani ya basi nao wajue haki yao.

LATRA wakiitisha maoni ya wadau kuhusu nauli za kipande hiki, wengi tutakwenda kubishania shilingi. Nendeni na ile grafu pia. Waulizeni mistari yao inakatana wapi, treni ya mwisho kutoka Mwanza ni saa ngapi, na aliyeshuka nayo Malampaka anafikaje nyumbani.